Rimu Zinarudi Kuwa Nyeusi Kila Wiki: Kubadilisha Pedi za Breki na Kuweka za Seramiki

Gari linaoshwa Jumamosi, ikifika Jumatano rimu za mbele zimeshavaa ukungu mweusi. Ukizipitishia kidole kinatoka kama umeshika sufuria iliyoshuka kwenye kuni. Hili si vumbi la barabarani. Vumbi la barabarani, liwe jekundu la Dodoma au la mchanga wa huku Dar, linaondoka na maji. Hili jeusi ni unga wa pedi za breki uliochanganyika na chembe za chuma kutoka kwenye diski, nao unang'ang'ania. Ukikaa pwani, kwenye unyevu na chumvi, chembe zile za chuma hushika kutu na kuacha madoa ya kahawia ambayo hakuna sabuni ya gari inayoyatoa.

Magari mengi tunayoagiza Japani hutoka kiwandani na pedi laini zisizo na nyuzi za chuma, na kwa asili yake pedi hizo hazitoi vumbi jingi. Ndiyo maana Toyota IST ikishuka bandarini rimu zake hukaa safi miezi na miezi, mpaka pedi zile ziishe na zifungwe za bei ya chini zilizojaa chuma. Magari ya Ulaya ni habari nyingine. BMW, Mercedes-Benz na Volkswagen huja na pedi zenye chuma tangu kiwandani, kwa kuwa zimetengenezwa zikifikiriwa barabara kuu za Ujerumani, ambako kuna vipande visivyo na kikomo cha mwendo na pedi inatakiwa iume hata ikiwa ya moto sana. Mwenye gari la aina hiyo hajauziwa kitu kibovu. Vumbi lake ni sehemu ya mpango.

Pedi za seramiki zinapunguza adha hii kwa njia mbili. Mchanganyiko wake una nyuzi za kauri badala ya nyuzi za chuma cha pua au chuma cha kawaida, kwa hiyo haziichimbi diski sana. Na vumbi linalotoka lina rangi ya kijivu hafifu, halishikamani na rimu. Haliishi kabisa. Anayekuambia pedi zake hazitoi vumbi hata kidogo anataka kuuza.

Kabla ya kununua chochote, soma rimu zako

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa. Osha rimu zote nne siku moja, tembelea gari siku tatu nne, kisha chuchumaa uzilinganishe.

Rimu mbili za mbele zikiwa nyeusi sawasawa, tatizo ni aina ya pedi, na mwongozo huu ni wako. Za nyuma kuwa safi ni kawaida, kwa sababu kazi kubwa ya kusimamisha gari inafanywa na breki za mbele, na magari mengi madogo yana breki za dramu nyuma ambazo vumbi lake linabaki humo humo ndani.

Ikiwa rimu moja ya mbele ni nyeusi kuliko mwenzake, hapo usikimbilie seramiki. Kalipa ya upande huo, yaani kile chombo kinachozibana pedi kwenye diski, imekwama: ama pini zake zimekauka, ama pistoni inayoisukuma pedi hairudi. Pedi inasugua diski muda wote, hata usipokanyaga breki. Ukitaka uhakika, endesha kilomita tano hivi bila kubana breki sana, simama, ukaribishe kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Upande uliokwama una joto la wazi. Ukiweka pedi za seramiki kwenye kalipa ya namna hiyo, zitaungua mapema kama zilivyoungua zile nyingine.

Mimi nilijifunza hili kwa gharama. Nilinunua pakiti iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni seramiki, dukani sitataja ni wapi, na ndani ya siku tatu rimu zilikuwa nyeusi kuliko mwanzo. Nilipozifungua, pedi hazikuwa na alama yoyote ubavuni, na uso wake ulimetameta kwa chembe za chuma. Maandishi ya boksi anaweza kuyachapisha yeyote. Pedi yenyewe ndiyo ya kuangalia.

Kuchagua pedi

Zitoe kwenye boksi pale pale dukani. Pedi nzuri ina alama zilizochapwa ubavuni au kwenye bati la nyuma. Herufi mbili zinazofuatana, kama EE, FF au GG, zinaeleza ukali wa msuguano: ya kwanza ni breki ikiwa na joto la kawaida, ya pili ni ikiwa imechemka. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari la kawaida la familia tafuta FF au zaidi. Ukiona herufi ya pili iko chini ya ya kwanza, kwa mfano FE, ujue pedi hiyo inalegea ikipata moto. Zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na maandishi 90R. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina herufi A, B au N; N maana yake shaba haizidi asilimia 0.5, kiwango kilichotokana na sheria za majimbo ya California na Washington yaliyotaka kulinda mito na samaki dhidi ya shaba inayosombwa kutoka barabarani.

Akebono ya Japani na ATE ya Ujerumani ni miongoni mwa watengenezaji wenye pedi za seramiki za kuaminika. Chukua pedi zako za zamani, au namba ya chasisi, uende nayo dukani. Jina la gari peke yake halitoshi, maana gari moja linaweza kuwa na kalipa za aina mbili kulingana na injini.

Na sasa neno ambalo muuzaji hatakuambia. Seramiki si ya kila gari. Kama una Noah inayobeba wanafunzi, Hiace ya abiria, au pikapu inayoshusha viazi kutoka Lushoto, usizifunge. Uzito na mteremko mrefu vinazaa joto jingi, na pedi yenye chuma hulipitisha na kulipoza joto hilo vizuri zaidi. Anayeshuka mteremko wa Kitonga na mzigo mara mbili kwa wiki avumilie rimu nyeusi, na bado aingize gia ndogo ili injini imsaidie kushika gari. Seramiki ni kwa gari dogo la mjini, la foleni, la safari ya mara moja moja.

Vifaa

Jeki na stendi zake mbili, wili spana, spana namba 14 na 17, brashi ya waya, msasa namba 120 au 150, klampu kubwa, kipande cha waya mgumu, dawa ya kusafishia breki ya kopo, grisi ya silikoni ya pini za kalipa, glavu na barakoa inayoziba vizuri. Spana ya torki, ile inayopima mkazo wa bolti, ukiipata, hata kwa kuazima, ni baraka. Mfano wangu ni Toyota IST ya toleo la kwanza, 2002 hadi 2007, yenye diski mbele na dramu nyuma, na kalipa ya pistoni moja inayoteleza kwenye pini. Corolla, Vitz, Fielder na nyingine nyingi zimefungwa kwa mtindo huo huo.

Hatua ya 1: Kuinua gari

Egesha mahali pa tambarare na pagumu. Juu ya mchanga jeki inazama. Weka gia ya P, vuta handibreki, zuia tairi za nyuma kwa mawe mbele na nyuma. Legeza nati za tairi robo mzunguko wakati tairi bado iko chini, ndipo uinue. Jeki ikae pale kwenye ukingo wa chini ya mlango palipo na alama mbili za kukatwa. Weka stendi, shusha gari liikalie, kisha litikise kwa mkono. Usifanye kazi gari likiwa juu ya jeki tupu. Tairi uliyoitoa ilaze chini ya ukingo wa gari, ili stendi ikiteleza gari liangukie tairi.

Fanya upande mmoja mpaka uishe ndipo uende wa pili. Upande ambao hujaugusa ndio picha yako ya kutazama ukisahau kitu kilikaaje.

Hatua ya 2: Vumbi lililomo ndani

Geuza usukani ili kalipa itokeze nje. Utaona unga mweusi umejaa kila pembe. Usiupulize kwa mdomo, wala kwa kompresa. Nasema hivi nikiwafikiria vijana wa gereji, ambao wanapuliza breki kumi kwa siku bila kitu usoni kisha wanakula chakula cha mchana hapo hapo. Pedi za zamani zilikuwa na asbestosi, na kwenye spea za kuokoteza huwezi kujua umeshika ya mwaka gani. Hata isipokuwepo, chembe za chuma na shaba zilizo laini hivyo hazifai kuingia kifuani. Huko Ulaya wameanza kuzipimia: kanuni ya Euro 7 iliyopitishwa mwaka 2024 imewekea vumbi la breki kikomo kwa mara ya kwanza, miligramu 7 kwa kilomita kwa gari la kawaida la abiria lenye injini ya mafuta. Vaa barakoa, loweka kila kitu kwa dawa ya breki au maji ya sabuni, acha uchafu udondoke kwenye beseni, ndipo upanguse kwa kitambaa cha kutupa.

Hatua ya 3: Kufungua kalipa

Nyuma ya kalipa kuna bolti mbili, ya juu na ya chini, kwa kawaida spana 14. Zifungue. Pini ikizunguka pamoja na bolti, ishike kwa spana ya pili. Chomoa kalipa taratibu, na hapo hapo ifunge kwa waya kwenye springi ya gari. Usiache kalipa ining'inie kwenye hozi yake. Hozi inaweza kuchanika kwa ndani bila kuonyesha nje, na utakuja kulijua hilo siku ya kukanyaga breki kwa nguvu.

Chomoa pedi mbili za zamani na uzilaze chini kama zilivyokuwa, ya ndani na ya nje, ukiangalia zimelika vipi. Zikilika sawa, vizuri. Ya ndani ikiwa nyembamba mno na ya nje bado nene, pini hazitelezi. Ikiwa imelika kimshazari, upande mmoja juu na mwingine chini, pedi ilikuwa imebanwa kwenye kitako chake. Unene wa nyenzo ukibaki milimita 3, muda wa kubadilisha umefika. Ile milimita 1 ya kiwandani ni kikomo cha mwisho.

Hatua ya 4: Diski

Pitisha ukucha juu ya uso wa diski. Mistari midogo haina neno. Ukucha ukikwama, au ukingo wa nje ukiwa umejenga ngazi kubwa, ipeleke ikapimwe. Kiwango cha chini cha unene kimechapwa kwenye diski yenyewe, tafuta maandishi MIN TH yakifuatiwa na milimita. Ikiwa chini ya hapo, diski zinunuliwe zote mbili. Kuchonga diski iliyokwisha kuwa nyembamba ni hatari, inapinda na inaweza kupasuka.

Diski ikiwa bado nzima, isugue pande zote mbili kwa msasa kwa mizunguko ya kukatizana hadi ule mng'ao uishe. Hatua hii inarukwa karibu kila gereji, nayo ndiyo inayoamua kama seramiki itakupendeza. Pedi za chuma hushika kwa kuikwangua diski. Seramiki hushika kwa kupaka utando mwembamba wa nyenzo yake juu ya diski, na utando ule ndio unaosuguana na pedi. Ukiacha utando wa pedi za zamani, mpya unashika hapa unakataa pale, na baada ya wiki usukani unatetemeka kila ukifunga breki. Malizia kwa dawa ya breki, usiguse tena kwa mkono wenye mafuta. Diski mpya nayo ioshwe hivyo hivyo, maana inakuja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu.

Hatua ya 5: Pini na vitako

Chomoa pini mbili za kalipa moja moja, bila kuzibadilishana nafasi. Mara nyingi moja ina mpira mdogo mwishoni na nyingine haina. Futa grisi ya zamani yote. Pini yenye kutu iliyochimba ibadilishwe. Angalia raba zinazoziba pini na pistoni: ikiwa imechanika, maji yameshaingia. Paka grisi ya silikoni kiasi cha kufunika tu, rudisha, jaribu kwa mkono. Iteleze kwa kidole kimoja. Usitumie grisi ya bearingi. Mafuta yake yanavimbisha raba, na pini unayotaka iteleze ndiyo itakayoganda.

Kisha brashi ya waya kwenye vitako ambamo masikio ya pedi yanakaa. Toa vibati vya chuma, sugua kutu iliyo chini yake, weka vibati vipya kama vimekuja na pedi. Kutu ya unene wa karatasi hapo inatosha kuibana pedi isirudi.

Hatua ya 6: Kurudisha pistoni

Fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki chini ya boneti. Kopo likiwa limejaa hadi juu, nyonya kidogo kwa bomba la sindano, la sivyo yatafurika, na mafuta haya yanachubua rangi ya gari. Weka pedi ya zamani mbele ya pistoni, ikandamize kwa klampu polepole mpaka iingie yote. Ikigoma kabisa kalipa ni mgonjwa, usiilazimishe kwa bisibisi.

Mafuta yenyewe yakiwa ya rangi ya chai ya rangi, panga kuyabadilisha. Yanavuta unyevu wa hewa, na maji yakiingia yanachemka mapema: mafuta mapya ya daraja la DOT 3 yanachemka si chini ya nyuzi 205, yakishavuta maji inaweza kushuka hadi 140. Kwa pwani yetu, kila miaka miwili si ubadhirifu.

Hatua ya 7: Kufunga

Pedi yenye kibati cha kupiga kelele, kile kinacholia pedi ikikaribia kwisha, ikae pale ilipokuwa ya zamani. Grisi ya silikoni, kidogo sana, ipakwe kwenye masikio na mgongoni mwa pedi tu. Uso wa pedi ukiguswa na grisi, hiyo pedi imeharibika. Shusha kalipa, funga bolti.

Bolti za pini kwenye Toyota ndogo za aina hii hukazwa kama Nm 34 (nyutoni-mita, kipimo cha mkazo). Gari lako likiwa jingine, fuata kitabu chake. Nm 34 ni kuvuta kwa nguvu ya kilo 17 hivi ukiwa na spana ya sentimita 20, yaani mkono mmoja, bila kuning'inia. Nati za tairi ni Nm 103. Kwa wili spana yenye mkono wa sentimita 40, hiyo ni kama uzito wa kiroba cha unga cha kilo 25 na kidogo. Kazeni kwa mtindo wa msalaba, na mkazo wa mwisho tairi ikiwa imekanyaga chini.

Kabla ya kuwasha gari, kanyaga breki taratibu mara nyingi mpaka pedali ipande na kuwa ngumu. Mara za kwanza itazama hadi chini kwa sababu pistoni ziko mbali na pedi. Mtu akisahau jambo hili, akawasha na kurudi nyuma kutoka uani, hatakuwa na breki. Baada ya hapo angalia kopo la mafuta, ongeza hadi kwenye alama ya MAX.

Wenye BMW: pini za kalipa zinafunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 7, na kuna waya wa kihisi cha pedi ambao hubadilishwa pamoja na pedi ukishakatika. Gari lenye handibreki ya kubonyeza, usiguse kalipa za nyuma mpaka mota yake irudishwe kwa mashine ya uchunguzi.

Hatua ya 8: Kuzizoesha

Tafuta barabara pana isiyo na magari, Jumapili alfajiri inafaa. Fikisha kilomita 60 kwa saa, funga breki kwa nguvu ya wastani hadi 20, usisimame kabisa, achia. Endesha nusu dakika zipoe, rudia. Fanya mara kumi. Harufu kidogo ya kuungua itasikika na itaisha. Kisha endesha dakika kumi na tano bila kugusa breki ila kwa lazima. Katika muda huo usisimame huku umekanyaga pedali, maana pedi ya moto itaacha chapa yake mahali pamoja kwenye diski.

Siku za kwanza breki ya asubuhi itaonekana kama imelala kidogo kwenye kusimama kwa kwanza. Ndiyo tabia ya seramiki ikiwa baridi, acha nafasi zaidi na gari la mbele. Lakini ikiendelea hivyo hata baada ya gari kupata joto, au pedali ikiwa laini kama sponji, huenda kuna upepo kwenye mfumo. Rudi kwa fundi aangalie kabla hujaenda popote.

Vumbi la wiki ya kwanza lipo, pedi bado zinakaa. Osha rimu ukifikisha kilomita 300, kisha acha bila kuosha hadi 1,000, uchuchumae tena kama mwanzo. Utakuta kijivu hafifu kinachofutika kwa kitambaa cha maji. Ukikuta kushoto kumeanza kuwa kweusi na kulia bado kweupe, fungua kushoto, anza na pini.